Mteja Anayesema Ndiyo

Obedi Kashindye alipotokeza juu ya ngazi za ghorofa ya tatu, vijana waliokuwa wamekaa kwenye benchi la korido walisimama wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba. Kaeni jamani." Alishika ukuta kidogo mpaka pumzi zikatulia. "Hawajaanza kuita?"

Vijana wakatazamana. Mmoja wao, mwembamba, aliyevaa shati lililomzidi mabega, akauliza kwa adabu, "Kwani mzee, si wewe unayekuja kutusaili?"

"Mimi nimekuja kusailiwa kama ninyi."

Binti aliyekaa mwisho wa benchi akafunika mdomo kwa bahasha yake ya vyeti. Yule kijana mwembamba akajipiga paja.

"Basi nirudishie shikamoo yangu, mzee wangu! Nimekupa ya bosi, kumbe wewe ni mshindani!"

"Khalidi, acha utoto," binti akamkaripia.

"Namwachia nusu, Moza. Kwa ajili ya mvi."

Obedi alicheka nao, akakaa pale walipomsogezea nafasi. Hakukasirika. Mahali pengine, mlinzi alimfungulia geti kwa saluti, akampeleka moja kwa moja hadi kwa meneja, na ilibidi arudishwe nje kungoja uani na wenzake. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na mvi zake zilikuwa zimetangulia umri. Alikuwa amezoea kuheshimiwa mlangoni na kukataliwa ndani.

Kampuni ile ilitengeneza programu ya mauzo na stoo kwa ajili ya maduka ya dawa na zahanati. Wateja wake walitapakaa kandokando ya ziwa lote, kutoka Musoma hadi Bukoba, na visiwani pia. Ilitafuta watu wa kupokea simu za wateja programu inapogoma. Kazi ilikuwa pale pale Nyamagana, katikati ya mji, mtu anaingia asubuhi na jioni anarudi kwake. Hicho ndicho Obedi alichokitaka kuliko kitu kingine chochote katika tangazo lile: jioni mtu anarudi kwake.

Kompyuta alizijulia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Magu, alikokuwa karani wa mizani. Siku zilipoletwa, wenzake walizizunguka kwa mbali kama mzoga wa fisi, yeye akavuta kiti akakaa. Kiwanda kilipofungwa alikuja mjini, akapata kazi ya kutunza chumba cha kompyuta katika chuo kimoja. Baadaye wanafunzi wakaanza kuja na kompyuta zao za mpakato, chumba kikageuzwa kuwa stoo ya viti, na Obedi akarudishwa nyumbani Buswelu na barua nzuri ya shukrani.

Tangu hapo alikuwa mtu wa usaili. Kwenye kampuni moja walimweka mbele ya kamera ajieleze kwa Kiingereza peke yake chumbani, kisha hakuna aliyemtafuta tena. Kwingine walimuuliza anajiona wapi baada ya miaka kumi. Akafikiri kwa uaminifu, akajibu, "Nitakuwa karibu na kustaafu." Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi, na yeye akacheka nao kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Kilichomchosha hasa si kukataliwa. Ni maandalizi: kupiga shati pasi, kupaka viatu rangi, kupita mbele ya majirani wakimtakia heri, na jioni kupita tena mbele yao wakijifanya hawakumbuki alikokwenda.

Safari hii kulikuwa na jambo zaidi. Kaka yake Ngosha, aliyeko Magu, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga na alitaka msimamizi. Alimngoja Obedi tangu Pasaka. Sasa mavuno yalikuwa yameingia, na Ngosha alisema akikosa jibu siku ile, kesho yake angemchukua mtu mwingine. Mke wa Obedi, Hellen, alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya Buswelu na asingeweza kuiacha. Watoto walikuwa shuleni. Obedi akienda Magu, angekwenda peke yake, akalale kwenye chumba cha nyuma cha mashine pamoja na magunia. Alishawahi kuishi hivyo miaka ya kwanza ya ndoa, enzi za kiwanda. Binti yao Evelina alipokuwa mdogo alikuwa akimwita "mgeni".

"Wewe mzee umeshafanya nyingi?" Khalidi alimuuliza pale kwenye benchi.

"Usaili? Za kutosha."

"Mimi kuna sehemu walinipa kalamu, wakaniambia niwauzie. Nikawauliza, kazi si ya kurekebisha kompyuta? Wakasema ndiyo, lakini tuuzie. Nikawaambia kalamu yenyewe haina wino."

"Ukapata?"

"Ningekuwa hapa?"

Moza naye akasimulia kampuni iliyowafanyisha kazi wiki nzima kwa jina la majaribio, wakaingiza majina ya wateja kutwa, na majina yalipokwisha wakaambiwa watapigiwa. "Mpaka leo nikiona namba ngeni nashtuka," alisema.

"Ukipigiwa utaambiwa majina yameongezeka," Khalidi akasema, na benchi zima likacheka, kicheko cha watu wasiolala vizuri.

Walianza na mtihani wa kuandika, ambao haukumsumbua Obedi. Kisha wakaingizwa mmoja mmoja mbele ya mkurugenzi, Ally, kijana wa miaka thelathini hivi, aliyesimama kumpokea na kumvutia kiti.

"Mzee wangu, samahani kwa swali hili," Ally alisema. "Kiongozi wa kitengo hiki ni binti mdogo. Utakubali kuelekezwa naye?"

Swali hilo Obedi alilijua kama njia ya kwake. "Kompyuta yenyewe nilifundishwa na kijana aliyekuwa mdogo kwangu. Nilimwita mwalimu na haikuniuma."

Ally akatabasamu, akaandika kitu. Obedi aliona tabasamu lile ni la kweli, akajizuia kulitumainia.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa sana kwenye benchi. Msailiwa anaingizwa kwenye chumba kidogo chenye meza na simu. Simu inalia. Anayepiga ni Nusrat, yule kiongozi wa kitengo, akiwa chumba cha pili na kompyuta mbele yake, akijifanya mteja. Msailiwa amsaidie mpaka programu ifanye kazi, kisha akate simu.

Khalidi alitoka humo akijifuta jasho. "Jamani, yule dada amenifokea! Ati namchanganya, ati nimpe mtu anayejua kazi. Nikamwambia dada tulia, akasema nisimwambie atulie. Tumegombana kama watu wa nyumba za kupanga!"

"Na programu?" Moza akauliza.

"Ilikubali mwishoni. Lakini hatusalimiani."

Obedi aliingia akiwa amejiandaa kufokewa. Akakaa, akaweka miwani sawa, simu ikalia.

"Shikamoo baba." Sauti ilikuwa ndogo, ya haya, wala si ya mtu wa kufoka.

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Bernadeta, baba. Nipo Nansio, kwenye duka la dawa. Programu imekataa kuuza."

"Pole sana. Inasemaje?"

"Inaandika maneno mekundu, baba. Tarehe, tarehe si sahihi."

Obedi alisikia raha kifuani. Tatizo hilo alilijua. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya zamani husahau saa na tarehe, ikarudi nyuma miaka mingi, na programu haiwezi kuandika mauzo ya leo kwenye siku iliyokwisha pita. Akamweleza taratibu, bila haraka, jinsi ya kwenda kwenye saa pale chini upande wa kulia, kufungua mipangilio, kuweka tarehe ya leo.

"Umepaona?"

"Ndiyo baba."

"Sasa bonyeza hapo, ubadilishe. Umebadilisha?"

"Ndiyo baba."

"Hifadhi. Halafu funga programu, uifungue upya. Imekubali?"

"Imekubali baba. Asante sana, Mungu akubariki."

"Amina, mwanangu."

Akaweka simu chini. Ilikuwa imekwenda vizuri na haraka, kuliko ya mtu yeyote asubuhi ile. Mlango ukafunguliwa, Nusrat akaingia, binti mwenye ushungi wa kijivu na macho yaliyochoka, akiwa na kompyuta yake mkononi. Akaiweka mezani mbele ya Obedi. Maneno mekundu yalikuwa pale pale. Tarehe haikuwa imeguswa.

"Sikufanya hata kimoja, baba," alisema kwa upole. "Sikuelewa mipangilio ni nini."

"Lakini ulisema ndiyo."

"Ndiyo. Kwa Khalidi nilibishana kwa sababu wateja wetu wanabishana na vijana. Lakini wakisikia sauti ya mtu mzima, hasa hawa mabinti wa madukani, wanakubali kila kitu. Mtu mkubwa anakuuliza umepaona, utamwambiaje hujapaona? Atakuona mjinga. Au utaonekana unambishia." Alivuta kiti akakaa. "Hapa tulikuwa na Mzee Alexander. Simu zake zilikuwa fupi, hakuna aliyewahi kumlalamikia. Kumbe wateja wake wote walikuwa wakikata simu, wanasubiri kidogo, wanapiga tena wakiomba mtu mwingine."

Obedi alitazama yale maneno mekundu. Alikumbuka chuoni, wanafunzi walivyokuwa wakimwitikia, kisha wakitoka nje wakaulizane wenyewe kwa wenyewe kwenye ngazi. Alidhani wanapiga soga.

"Naruhusiwa kujaribu tena?" aliuliza.

Nusrat alitazama mlango, akafikiri. "Jaribu, baba."

Alirudi chumba cha pili na kompyuta yake, simu ikalia tena. Safari hii Obedi hakutaka kudanganywa. "Nisomee unachokiona chini, upande wa kulia," alisema. Sauti ikajibu kitu kisichosikika. "Hapana, usikisie. Nisomee kilichoandikwa. Kimeandikwa nini? Mbona hujibu?" Simu ikakatwa.

Nusrat akachungulia mlangoni. "Bernadeta ameona anafokewa, baba. Amefunga duka, ameenda kwa shangazi yake."

Obedi alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa, kwa kuwa hakuona njia nyingine iliyobaki. Akiwa mpole, anadanganywa. Akiuliza sana, anatisha. Na sauti yake ndiyo hiyo moja aliyopewa.

"Mara ya mwisho, kama hutajali," alisema.

Simu ilipolia mara ya tatu hakuwa na haraka tena. Aliitikia salamu, akauliza kama Nansio mvua imenyesha, akaambiwa imenyesha. Kisha akasema, "Bernadeta, macho yangu hayaoni huko uliko, na mimi ni mtu wa kusahau. Utanisaidia wewe. Hapo chini, upande wa mkono wa kulia chakula, kuna namba. Nitajie moja moja, niandike." Namba zikaja moja moja. Alipohisi "ndiyo" imekuja upesi, hakusema vizuri wala vibaya, alisema, "Nimeikosa hiyo, nirudie mama." Ilichukua muda mrefu mno. Jasho lilimtoka mgongoni. Lakini alipoweka simu chini na Nusrat akaleta kompyuta, maneno mekundu yalikuwa yameondoka.

Nusrat aliifunga kompyuta. Kisha akasema, "Asante baba. Tutawapigia leo hii hii, kabla ya magharibi."

Nje ya jengo vijana walikuwa wakinunuliana maji ya kunywa. Khalidi alimpa Obedi chupa yake, ambayo alikuwa hajaifungua. "Mzee, ulikaa humo mpaka tukadhani wamekuozesha yule dada."

"Nilirudia darasa."

"Ukipata wewe nikakosa mimi, sitakuamkia tena maisha yangu yote."

"Na nusu uliyoniachia?"

"Hiyo nitakudai mpaka kwa wajukuu."

Obedi alifika Buswelu alasiri, akavua viatu mlangoni. Hellen alikuwa ametoka zamu, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, sare ya kazi bado mwilini. Hakuuliza, akasogea tu ampe nafasi. Walikaa hivyo mpaka simu ya Obedi ilipoita. Ni Ngosha.

"We mheshimiwa wa kompyuta," Ngosha alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. "Huku magunia yamefika barabarani. Revocatus wa jirani kaja tena kuniomba kazi. Mwizi yule, lakini yupo. Nimwambieje?"

"Mwambie angoje mpaka jioni, kaka."

"Jioni hii?"

"Hii hii."

"Jua likizama nikiwa sijakusikia, nampa funguo." Akakata bila kuaga, kama kawaida yake.

Hellen alimwaga chenga kwenye sahani ya kuku. "Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Naona nilifanya. Mara ya tatu, lakini nilifanya." Akamsimulia habari za Bernadeta. Alipofika kwenye shangazi, Hellen alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Hata zahanati ni hivyo," alisema. "Nikimuuliza mgonjwa umeelewa, anasema ndiyo. Anafika kwake anakunywa vidonge vya wiki kwa siku moja."

Jua lilikuwa limeshaegemea mawe ya mlimani simu ilipoita tena. Namba ngeni. Simu ya Obedi ilikuwa na sauti kubwa isiyopungua, na Hellen alisikia kila neno.

"Shikamoo baba. Nusrat hapa, wa ofisini."

"Marahaba mama. Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri baba. Mlifika salama?"

"Salama kabisa."

"Alhamdulillahi. Baba, kwanza hongera. Umefanya vizuri sana leo. Mkurugenzi amefurahi, amesema mtu mwenye subira kama yako hajamwona."

"Nashukuru."

"Kweli baba. Ile ya tatu nimewaeleza wenzangu wote. Kwa hiyo tunakushukuru sana, tutaendelea kuwasiliana. Taarifa zako tunazo. Mambo yakiwa tayari, Inshallah."

Hellen alikuwa ameshaanza kutabasamu. Alikuwa ameshika mkono wa mume wake, na Obedi alihisi vidole vyake vikibana. Yeye mwenyewe alitaka kusema asante, akate simu, abaki na maneno yale mazuri usiku mmoja. Lakini Magu kulikuwa na mtu anangoja na funguo mkononi.

"Mama," alisema, "nisaidie jambo moja. Mimi ni mtu wa kusahau."

"Ndiyo baba."

"Hao wanaoanza kazi, wanaanza lini?"

"Jumatatu, baba."

"Na wote mmeshawapigia?"

"Ndiyo... mchakato bado unaendelea, baba."

Obedi hakumkatiza. Alisubiri, kisha akaongea taratibu, kama anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara. "Sikugombezi, mama. Nitajie tu majina yao moja moja, niwaombee."

"Moza," Nusrat alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya Bernadeta. "Na kijana anaitwa Chenge, wa Sengerema. Na binti mmoja wa jana."

"Wa nne yupo?"

"Hayupo, baba."

"Basi hii simu ni ya kuniaga."

Nusrat alivuta pumzi ndefu. "Ni ya kukuaga, baba. Unisamehe. Walisema ulitumia muda mwingi, na simu ni nyingi kwa siku. Nilitaka nikutumie ujumbe, nikaona si adabu. Nikapiga, halafu nikashindwa."

"Umefanya vyema kupiga. Sasa nimeelewa." Akakohoa kidogo. "Na yule kijana, Khalidi?"

"Naye hapana."

"Mpigie sasa. Usimwambie amefanya vizuri kwanza, atavunjika moyo mara mbili."

"Ndiyo baba."

"Utampigia?"

"Nikikata hii nampigia. Wallahi."

Hellen alikuwa ameuachia mkono wake, si kwa hasira, ila ulikuwa hauna kazi tena. "Mimi nilidhani umepata," alisema. "Maneno yote yale."

"Hata mimi nilitamani kudhani."

Alimpigia Ngosha akiwa amesimama uani. Hakukuwa na mengi ya kusema. Ngosha alisema aje kesho na basi la kwanza, alete na shuka zake, chandarua kipo. Akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo Obedi hakuwa ameisikia siku nyingi, kwamba amefurahi.

Walipomaliza kula, Evelina alitoa madaftari mezani. Hellen alishusha begi lililokuwa juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaanza kukunja nguo. Alikunja polepole, kila shati mara mbili.

"Utakuwa unarudi kila Jumamosi?" aliuliza, bila kumtazama.

Evelina aliacha kuandika.

"Jumamosi ndiyo siku ya watu wengi mashineni," Obedi alisema. "Mpaka mavuno yaishe sidhani kama nitarudi. Nikipata nafasi katikati ya wiki nitakuja, lakini msiningoje."

Hellen alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaweka sweta juu kabisa, kwa kuwa asubuhi huko mbugani kuna baridi, akafunga zipu.